Habari za Kibao cha Saketi, Kasha na Ala

Katika lugha yetu yako maneno mengi ya kutajia vyombo vya kuhifadhia vitu, na kila neno lina safari yake. Sanduku lilitoka kwa Waarabu. Kasha na bweta yaliletwa na Wareno, pamoja na kopo na parafujo. Debe lilitoka Bara Hindi. Kabati na boksi ni ya juzi, kutoka kwa Waingereza. Mbali na hayo liko neno fupi, ala, ambalo ni nyumba ya kisu au ya upanga. Kasha hutiwa chochote kinachoingia ndani yake, nguo leo, vitabu kesho. Ala hukatwa kwa kufuata kisu kimoja tu, na kisu hicho kikipotea, ala hubaki ngozi isiyo na kazi.

Nakusudia kuonyesha hapa kwamba tofauti hii ya kasha na ala, ambayo msemaji wa Kiswahili huielewa pasipo kufundishwa, yatusaidia kufahamu habari za kitu kigeni kabisa: kibao cha saketi, yaani kile kibao chembamba chenye njia za shaba kilichomo ndani ya redio, simu na kompyuta, pamoja na taabu ya kukitafutia nyumba. Taabu hiyo si ya watu wa mbali. Fundi aliyeko Iwawa, makao makuu ya Wilaya ya Makete katika Mkoa wa Njombe, aweza leo kuagiza kibao kutoka Dar es Salaam kikamfikia kwa basi. Lakini nyumba ya kibao hicho aghalabu haiji nacho, na pengine ikija huwa ni ala ya kibao kingine. Sababu yake imo katika historia ya vipimo, na historia hiyo yastahili kuandikwa kwa Kiswahili kama historia nyingine yoyote.

Redio za zamani hazikuwa na kibao. Ziliundwa juu ya bamba la chuma lililokunjwa kingo zake, mfano wa sinia lililofudikizwa. Juu ya bamba zilisimama zile chupa za kioo ziitwazo valvu. Chini yake nyaya zilipita huku na huku, na kila waya uliungwa kwa mkono. Nje ya hayo yote lilikuwako sanduku la mbao, kazi ya seremala, kubwa kama kabati ndogo, kwa kuwa valvu hutoa joto nazo hazipendi kubanwa. Paul Eisler, mhandisi mzaliwa wa Vienna aliyehamia London mwaka 1936, ndiye ahesabiwaye kuwa mwanzilishi wa saketi ya kuchapwa. Alikuwa na ujuzi wa mambo ya uchapaji, akawaza kwamba nyaya nazo zaweza kuchapwa. Karatasi nyembamba ya shaba hubandikwa juu ya kibao kisichopitisha umeme. Njia zitakiwazo hufunikwa kwa wino. Kisha kibao huzamishwa katika dawa kali, nayo dawa hula shaba yote iliyobaki wazi. Hati ya ugunduzi wake aliiomba mwaka 1943. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani waliutumia ufundi wa namna hiyo katika fataki za mizinga zilipukazo zikaribiapo shabaha, na vita vilipokwisha ukaingia katika viwanda vya redio na vya simu.

Sasa kibao kilichochapwa chaweza kukatwa kwa ukubwa wowote. Hakuna kitu katika shaba wala katika wino kinachokilazimisha kuwa na urefu huu au upana ule. Kwa hiyo mtu akiuliza vipimo vya kawaida vya vibao vilitoka wapi, hawezi kupata jawabu kwa kukitazama kibao. Lazima atazame kile kilichokizunguka. Nitatoa mfano mmoja kwa urefu, kwa sababu hesabu yake yenyewe ni ushahidi.

Mapema katika miaka ya 1920 kampuni ya simu ya AT&T huko Marekani ilikuwa na mitambo mingi ya kupangwa katika nyumba za simu. Ili mitambo isimame kwa utaratibu, ilifungwa katika fremu za chuma zenye upana wa inchi 19, na kimo cha kila chombo kikapimwa kwa kizio cha inchi moja na robo tatu, ambazo ni milimita 44.45. Fremu hizo zilizidi kuenea: zikatumika katika redio, katika maabara, katika jeshi, na hata leo kompyuta kubwa za mabenki na za kampuni za simu zimekaa ndani ya fremu za inchi 19. Miaka hamsini hivi baadaye Wajerumani, ambao hawatumii inchi, waliweka kipimo cha vibao vya kutumbukizwa ndani ya fremu hizo, katika kanuni yao iitwayo DIN 41494. Kibao kidogo kilipewa upana wa milimita 100 na urefu wa milimita 160. Tazama, ni namba kamili, safi, za kimetriki. Lakini kibao kikubwa cha jamii hiyo hiyo kina upana wa milimita 233.35. Mtu akiikuta namba hii peke yake hudhani kwamba mchapaji amekosea. Atoe 100 katika 233.35, zitabaki 133.35, azigawe kwa tatu, atapata 44.45, kile kizio cha fremu za simu za Marekani. Kibao kidogo huingia katika nafasi ya vizio vitatu, kibao kikubwa katika nafasi ya vizio sita, na tofauti yao ni vizio vitatu kamili. Mjerumani alijitahidi kuandika kwa milimita, ila kasha alilolikuta limesimama lilikuwa la inchi, nalo likaandika namba yake ndani ya kibao chake.

Mambo ya namna hii yamejaa. Unene wa kawaida wa kibao ni milimita 1.6, nao ni sehemu moja ya kumi na sita ya inchi iliyopunguzwa maneno. Nafasi ya kawaida kati ya tundu na tundu ni milimita 2.54, yaani sehemu moja ya kumi ya inchi. Kibao kikuu cha kompyuta za mezani ambacho kampuni ya Intel ilikipangia vipimo mwaka 1995, kiitwacho ATX, ni milimita 305 kwa 244: hizo ni inchi 12 kwa inchi 9.6.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki hana haja ya kuyaona haya kuwa mageni, kwa maana sisi tuna debe. Mafuta ya taa yaliletwa katika nchi zetu ndani ya makopo ya bati ya pembe nne, makopo mawili katika kila kasha la mbao. Kopo moja lilichukua galoni 5 za Kimarekani, ambazo kwa galoni za Kiingereza ni 4 na kidogo. Mafuta yakaisha, kopo likabaki. Na kwa kuwa kila kopo lilikuwa sawa na lenzie, watu wakalifanya kipimo. Mahindi yakapimwa kwa debe, maharagwe kwa debe, maji ya kuteka kwa debe, mpaka neno lenyewe likawa jina la kiasi kabla ya kuwa jina la chombo. Hakuna mkulima aliyekaa akashauriana na mwenziwe kwamba kiasi cha haki cha mahindi ni galoni 4. Kiasi hicho kilikuwa ni ukubwa wa kopo la mfanyabiashara wa mafuta.

Na huko Makete, Njombe na Makambako liko pia neno la kinyume chake, nalo ni lumbesa. Viazi mviringo hutiwa katika gunia mpaka mdomo, kisha juu yake hujengwa kichwa kwa kamba na wavu, hata gunia likawa limebeba zaidi ya ukubwa wake. Na mnunuzi hulipa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo imeikataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo umeipiga vita mara nyingi. Malalamiko ya wakulima hayajaisha. Nalitaja jambo hili kwa sababu laonyesha kinachopatikana chombo kinapoacha kukitawala kilichomo. Kipimo hakikai katika maandishi ya serikali peke yake. Hukaa katika ukingo wa chombo, na mwenye uwezo wa kuuvuka ukingo ndiye mwenye faida.

Turudi katika redio. Mfano bora nijuao wa kasha kutangulia umeme wenyewe ulitokea Lusaka, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo tangu 1964 ni Zambia. Huko Harry Franklin, mkuu wa habari wa serikali, alikuwa na kituo kilichotangaza kwa lugha za Kiafrika, lakini wasikilizaji wachache sana walikuwa na redio, kwa kuwa redio za wakati ule zilikuwa ghali na nyingi zilitaka umeme wa ukutani. Alizunguka kwa watengenezaji wa Uingereza kwa muda mrefu bila kupata wa kumsikiliza, hata kampuni ya Ever Ready ikakubali. Hiyo ilikuwa kampuni ya betri, na kila mwenye redio ya betri ni mnunuzi wa betri wa maisha. Redio hiyo ilitoka mwaka 1949. Matumbo yake, yenye valvu nne za kupokea mawimbi mafupi, yaliwekwa ndani ya chombo cha alumini cha mviringo chenye kipenyo cha inchi 9, mfano wa sufuria, kikapakwa rangi ya buluu. Kufanya kasha jipya kungalitaka kalibu mpya, na kalibu ni gharama. Sufuria ilikuwa na kalibu zake tayari. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri pauni 1 na shilingi 5. Waingereza waliiita Saucepan Special, nasi twaweza kuiita redio ya sufuria bila kukosea neno hata moja.

Wako waliodhani kwamba redio ya sufuria ilikuwa kichekesho, kitu cha kuwapa maskini. Sioni hivyo. Mtengenezaji wa Lusaka na London alifanya lile lile walilofanya Wajerumani kwa fremu za simu: alitafuta chombo kilichokwisha kupatikana kwa wingi, tena cha ukubwa mmoja siku zote, akayapanga matumbo yafuate chombo. Tofauti ni kwamba fremu ya inchi 19 iliandikiwa kanuni na kupewa namba, na sufuria haikuandikiwa.

Redio za transista zilipokuja, valvu ziliondoka na sanduku la seremala likaondoka nazo. Kibao kikapungua hata kikatosha kiganjani. Lakini redio yenyewe haikupungua kwa kiasi hicho, na sababu ni betri. Betri kubwa ya tochi, ambayo tangu mwisho wa karne ya 19 imetumika ulimwenguni kote, ina kipenyo cha milimita 34 hivi na urefu wa milimita 61.5, na redio ya kijijini ilitaka betri mbili, tatu au nne. Redio za National na za Philips zilizotumika sana katika Tanzania, nyingi zikiwa zimeunganishwa hapa hapa nchini, Dar es Salaam na Arusha, zilikuwa na chumba cha betri ambacho kilichukua sehemu kubwa ya mgongo. Kibao kilibanwa katika nafasi iliyobaki. Mtu aliyezifungua redio hizo atakumbuka vibao vilivyokatwa pembe, vyenye mapengo ya kupishana na spika na betri, maumbo ambayo hayana jina katika hesabu. Vile vilikuwa vibao vilivyotiwa katika ala. Redio ikifa, kibao chake hakikuwa na nyumba nyingine duniani, na ganda lake halikuwa na mgeni mwingine, ila watoto walifanyia gari.

Hapa Makambako huingia katika habari hizi kwa njia mbili. Ya kwanza ni shaba. Karatasi ya shaba iliyobandikwa juu ya vibao vya dunia hutoka katika migodi, na migodi ya Zambia ni mojawapo ya iliyo mikubwa. Kabla ya hapo watu wengi wa nyanda za juu za kusini walikuwa wamekwenda huko kufanya kazi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilikusudiwa hasa kuichukua shaba hiyo mpaka bandari ya Dar es Salaam, nayo yapita Makambako. Barabara kuu iendayo Tunduma nayo yapita pale pale. Shaba imepita Makambako ikiwa mabamba mazito, ikavuka bahari, na kiasi fulani cha shaba ya dunia kimerudi mjini humo kikiwa unyuzi mwembamba kuliko unywele ndani ya simu.

Njia ya pili ni somo la reli yenyewe. Upana kati ya vyuma vya TAZARA ni milimita 1,067, yaani futi tatu na nusu, kwa kuwa ilipasa kulingana na reli za Zambia na za kusini. Upana wa Reli ya Kati ya zamani ni milimita 1,000. Huko Kidatu reli hizi mbili zakutana, ila behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine, na mizigo hushushwa hapa ikapakiwa pale. Milimita 67 tu! Mafundi wa vibao wazijua vizuri milimita za namna hiyo.

Mwaka 2005 huko Ivrea, Italia, walimu wa chuo cha usanifu waliunda kibao kidogo cha kufundishia, wakakiita Arduino, na mwaka 2012 huko Uingereza kikatoka kibao kingine, Raspberry Pi, ambacho ni kompyuta nzima yenye ukubwa wa karibu kadi ya benki. Vibao hivi viwili vimefika katika vyuo na karakana za Afrika ya Mashariki, na kwa watu wengi ndivyo vilivyokuwa mlango wa kwanza wa kuunda vyombo vyao wenyewe. Walakini habari za vipimo vyake ni habari za ala. Arduino ya namna iitwayo Uno ni milimita 68.6 kwa 53.4. Safu mbili za tundu zake upande mmoja zimetengana kwa sehemu 16 za mia za inchi, mahali ambapo zingalipasa kutengana kwa sehemu 10. Lilikuwa kosa la mchoraji wa kwanza. Vibao vya kubandikwa juu yake vilikuwa vimekwisha kutengenezwa kwa kulifuata kosa lile, basi kosa likaachwa, na leo kila anayeiga kibao hicho huliiga na kosa lake kwa uangalifu.

Raspberry Pi ina kisa kirefu zaidi. Ilipotoka mara ya kwanza haikuwa na tundu hata moja la kukifungia kibao kwa skrubu. Baadaye ikapewa mawili. Na mwaka 2014 yakawa manne, katika pembe za mstatili wa milimita 58 kwa 49, juu ya kibao cha milimita 85 kwa 56. Soketi zikahamishwa, na maganda yote ya plastiki yaliyokuwa yamenunuliwa kabla ya hapo yakawa hayana kazi. Mwaka 2019 likatoka toleo la nne. Kibao kilikuwa cha ukubwa ule ule, tundu nne zile zile, lakini soketi ya waya wa mtandao na zile za plagi zilikuwa zimebadilishana nafasi, na za picha zimekuwa ndogo. Ganda la toleo la tatu halikulipokea toleo la nne. Mnunuzi aliyesoma urefu na upana peke yake alijiona amedanganywa, kumbe kibao hakipimwi kwa urefu na upana tu. Midomo yake nayo ni sehemu ya kipimo, na ganda lililotobolewa kwa kufuata midomo ni ala.

Kwa mtu wa Cambridge ala iliyokosa kisu ni hasara ndogo. Atanunua nyingine kesho. Kwa mtu wa Iwawa ni safari. Ndiyo sababu nadhani swali la fundi wa Makete lisiwe, nitapata wapi ganda la kibao hiki? Heri aulize kwanza, ni kasha gani lipatikanalo hapa siku zote, kwa ukubwa mmoja, na kibao gani kitaingia ndani yake?

Jawabu liko katika kila duka la vifaa vya ujenzi kuanzia Makambako hata Njombe na Iwawa, na Wakinga, ambao sifa yao ya biashara imefika Mbeya na Kariakoo, hawahitaji kufundishwa kuliuza. Ni lile boksi la swichi linalofukiwa ukutani. Tulirithi kwa Waingereza soketi za pini tatu bapa, ambazo kanuni yake ilitolewa mwaka 1947, na pamoja nazo maboksi ya kuzibeba. Boksi dogo lina nafasi ya ndani ya karibu milimita 70 kwa 70. Lililo pacha, karibu 130 kwa 70. Kina chake chaweza kuwa milimita 25, 35 au 47. Tundu za skrubu za kifuniko zimetengana kwa milimita 60.3 katika boksi dogo na 120.6 katika boksi pacha. Nazo, kama msomaji alivyokwisha kubahatisha, ni inchi mbili na sehemu tatu za nane, na inchi nne na robo tatu. Boksi la mtengenezaji mmoja hupokea kifuniko cha mwingine. Hilo ni kasha kwa maana yake kamili.

Tulijaribu kwa hesabu. Arduino Uno, kwa urefu wake wa milimita 68.6, yaonekana kuingia katika boksi dogo. Haingii, kwa sababu mdomo wa waya wake watokeza nje ya kibao kwa milimita kadhaa. Katika boksi pacha yakaa kwa raha. Raspberry Pi yalala katika boksi pacha katikati ya masikio ya skrubu, na kina cha milimita 35 chaitosha, chini ya sharti moja: plagi ya umeme isichomekwe ubavuni. Kibao kina upana wa 56, boksi 70, na mkia wa plagi wataka nafasi zaidi ya milimita 14 zilizobaki. Basi ama ukuta wa boksi utobolewe kwa drili na kusawazishwa kwa tupa, ama umeme uingizwe kwa nyaya kupitia pini za juu ya kibao. Boksi la chuma liungwe na ardhi. Kibao kiinuliwe juu ya vijiguu vya plastiki ili mgongo wake usiguse chuma. Na waya za umeme wa nyumba zisikae chumba kimoja nacho. Tena chuma huzuia mawimbi. Kibao kinachotaka kuzungumza bila waya kiwekwe katika boksi la plastiki la kubandikwa juu ya ukuta, ambalo lina tundu zile zile za kifuniko.

Iwawa ina sharti lake la ziada. Wilaya hiyo ina uwanda wa Kitulo, wenye kimo cha mita 2,600 hivi, na usiku wa Juni na Julai sakitu huonekana juu ya majani. Wanafunzi wa lugha wataona kwamba sakitu na saketi ni maneno yanayotofautiana kwa irabu mbili tu, lakini vitu vyenyewe havipatani. Kibao kinachofanya kazi, tuseme cha kupimia baridi katika ghala la viazi, hupasha hewa ya ndani joto. Kikizimwa usiku, hewa hujikunja, ukungu ukaingizwa ndani, na maji yakatua juu ya shaba. Kuziba kila upenyo hakusaidii sana, kwa kuwa boksi la swichi halikuundwa kuzuia unyevu. Yafaa zaidi kutoboa tundu dogo upande wa chini, maji yapate njia ya kutoka, na kukielekeza kibao kisimame wima badala ya kulala.

Babu za watu wa huko walikuwa wafua chuma. Wakinga walifua majembe na mikuki wakawauzia Wanyakyusa wa bondeni, na mpini wa jembe hilo ulichongwa na mwenye shamba mwenyewe, kwa mti wa kwao. Chuma kilisafiri, mti haukusafiri. Kibao cha saketi chaweza kufuata desturi hiyo hiyo: kitoke mbali, lakini nyumba yake ipatikane karibu.

Sasa neno. Mafundi wa kwetu husema kava, boksi, ganda au kasha bila kutofautisha, na wafasiri wa vitabu vya ufundi huandika kasha kwa vyote. Napendekeza kasha libakie kwa chombo kilichotangulia kibao, chenye kipimo chake, kama fremu ya inchi 19 au boksi la swichi. Na ala ya kibao litumike kwa ganda lililoumbwa kwa kufuata kibao kimoja. Najua pingamizi. Tunalo neno jingine la sura ile ile, la Kiarabu, katika ala za muziki, na msikilizaji aweza kupotea. Kwa sababu hiyo nasema ala ya kibao, si ala peke yake. Kibao nacho kina maana zake, kuanzia ubao wa dukani mpaka kofi la uso, na hakuna fundi aliyewahi kukosea baina ya kofi na saketi.

Limebaki jina moja ambalo sina shauri nalo. Katika maduka boksi dogo huitwa tatu kwa tatu, na pacha huitwa tatu kwa sita, kwa hesabu ya inchi. Nimezipima namba hizo. Boksi pacha halifiki inchi 6 kwa urefu, wala upana wake haufiki inchi 3. Kifuniko chake kina milimita 146 kwa 86, ambazo ni chini ya inchi 6 kwa urefu na zaidi ya inchi 3 kwa upana. Jina si kipimo cha boksi wala si kipimo cha kifuniko. Hata hivyo muuza duka wa Makambako akiambiwa tatu kwa sita, hunyosha mkono rafuni bila kuuliza neno la pili.